Siku Tuliyoosha Pua ya Gari

Nilikuwa nimeiziba ile taa kwa tepu nyeusi. Naanza kwa kukiri hilo kwa sababu baba yangu, kama yeye ndiye angekuwa anasimulia, angeanzia hapo hapo, tena kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Taa ya injini iliwaka kwenye dashibodi mwezi mzima, njano, haizimi, na mimi nilikuwa na mayai ya kusambaza. Nikakata kipande cha tepu ya fundi wa stima, nikakibandika juu yake, nikaendelea na shughuli zangu. Ukichungulia ndani ya magari ya watu wa kazi kama yangu, utaikuta tepu hiyo mara nyingi kuliko unavyodhani.

Gari lenyewe ni kuukuu, lile la umbo la sanduku lenye nafasi kubwa nyuma. Asubuhi nachukua trei za mayai Kawangware, nazileta mitaani kwetu, Lindi na Sarang'ombe, kwa wenye vioski na kwa vijana wanaochemsha mayai na kuyapasua kando ya njia, wakiyatia kachumbari. Kwangu Lindi gari haliingii. Naliacha kwenye uwanja wa kanisa karibu na barabara, kisha trei zinapita vichochoroni mikononi. Kwa miaka yote hiyo nimeangusha mzigo mara moja tu, na hiyo mara moja siisimulii.

Baba ni fundi wa magari. Ana sehemu yake Kawangware, kwenye uwanja wa wazi ambapo mafundi wapatao wanane wamejipanga, kila mmoja na kivuli chake cha mabati. Alitoka mkoa wa Magharibi akiwa kijana, akajifunza kazi kwa kuwashikia wengine spana, na hakuna cheti chochote anachoweza kukuonyesha. Kilichompa jina ni pua yake. Gari likiletwa, hakimbilii kufungua boneti. Anamwambia mwenyewe aliwashe, anazunguka nyuma, anachuchumaa, anaweka kiganja mbele ya ekzosi mpaka kipate joto na unyevu, kisha anakipeleka puani na kufumba macho. Hii inachoma oili. Hii inakunywa maji ya rejeta, nasikia utamu wake. Hii inamwagiwa petroli kuliko inayohitaji. Watu walikuja na magari yao kutoka mitaa yenye gereji za vioo ili wamwone mzee akinusa kiganja. Walikuja wakicheka, na wengi walirudi na gari la pili.

Pua hiyo aliileta kwangu kila Jumapili. Tangu mama alipofariki, baba anakula kwangu baada ya kanisa, na ana desturi yake. Haingii. Anasimama mlangoni, anavuta hewa, anatangaza kilicho sufuriani. "Leo ni kuku, na kuna mtu amezidisha tangawizi." Wanangu walikua wakiamini kwamba babu yao anaona kupitia mifuniko. Mimi nilijifanya nimechoshwa na mchezo huo, lakini kusema kweli nilipika nikiwa na hamu ya kumsikia.

Mwaka jana alikosea mara moja. Alisimama mlangoni, akavuta hewa, akasema, "Kuku!" Nami nilikuwa nimepika omena, dagaa wa ziwani. Omena, jamani, ambayo ukiipika hata jirani wa nyumba ya nne anaijua. Watoto wakacheka hadi wakalala chini. Baba naye akacheka, nikadhani ametutania.

Basi gari lilipoanza kugoma, nililipeleka kwake. Kitu cha kwanza alichokiona ni tepu.

"Mama," akaniambia, maana nimerithi jina la mama yake na hajawahi kuniita vingine, "gari inakuambia ni mgonjwa, wewe unaifunga mdomo?"

Akaibandua kwa ukucha, akanibandikia mkononi kama adhabu. Kisha akachuchumaa nyuma, akaweka kiganja, akanusa. Alikaa na macho yamefumba muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Plagi," akasema.

Tukabadilisha plagi. Baada ya wiki moja taa ikawaka tena na petroli ikawa inaisha kama inavuja. Nikarudi. Kiganja, pua, macho kufumba. "Ni petroli ya hiyo stesheni yenu. Chafu." Nikabadilisha stesheni. Hapo nilikuwa tayari nasikia harufu mwenyewe, mimi nisiyejua hata rejeta inakaa upande gani. Petroli mbichi. Ilikuwa kwenye leso yangu, kwenye nywele, kwenye makaratasi ya trei. Siku moja kijana mmoja wa mayai ya kuchemsha akanisimamisha mbele ya wateja wake.

"Mathe, hizi mayai zako zinanuka petroli. Jamaa amenirudishia moja, anasema aliogopa kuiweka karibu na sigara."

Wote wakaangua kicheko. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na sikuona cha kuchekesha. Nikaendesha mpaka Kawangware nikiwa nimekunja uso, nimepanga maneno yote ya kumwambia mzee.

Sikumkuta, alikuwa ameenda kunywa chai. Fundi wa kivuli kinachopakana na chake, mwanamume wa umri kama wangu, mwenye mashine ya kusoma makosa ya gari, alinikaribia akifuta mikono.

"Niaje, siz. Bado inasumbua?"

"Bado."

Akaangalia upande wa hoteli ya chai, kisha akapunguza sauti. "Usiniuze kwa mzee. Lakini hii moshi ya gari yako, hata mtoto anaweza kukuambia ni petroli inazidi. Mzee siku hizi anabahatisha. Si gari yako peke yake. Sisi tumenyamaza tu, juu ya heshima, ni mzee wetu. Lakini customer wakijua hanusi tena, hapa atakuja kufanya nini?"

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia kwamba baba yangu alikuwa ananusa ekzosi wakati yeye fundi bado ananyonya. Hakukasirika, na hilo liliniumiza zaidi. Akachomeka mashine yake chini ya usukani, akasoma, akasema tatizo ni sensa ya oksijeni. Baba alirudi na kikombe cha chai mkononi, akaukuta waya wa mashine bado unaning'inia garini. Akautazama, akamtazama jirani yake, akanitazama mimi. Kisha akacheka kicheko chake kikubwa.

"Sensa? Hiyo ni kuosha tu. Lakini si hapa. Jumamosi nakuja kwako."

Nilielewa mara moja kwa nini si hapo. Hakutaka wenzake wamwone akifuata maneno ya mashine. Na kuanzia siku hiyo nikawa na jambo moja tu kichwani: kama ni kweli baba hanusi, basi pale uwanjani amebaki mzee mwenye spana, mmoja kati ya wengi, na siku yoyote mtu anaweza kulisema hilo kwa sauti.

Jumamosi mchana alikuja na mfuko wake wa spana kwenye uwanja wa kanisa. Akaniambia niwashe injini kidogo ili bomba lipate joto na nati ilegee bila vita. Akalala juu ya gunia, akaingia chini ya gari. Mikono yake haijazeeka hata kidogo. Nilisikia spana ikikamata, pumzi moja, mlio mfupi wa chuma kukubali, na kidude kikatoka bila nyuzi kukwaruzika. Kilikuwa kidogo, kinafanana na plagi, kina mkia wa waya, na kichwa chake kimejaa masizi meusi.

"Hii ndiyo pua ya gari," baba akasema, akikigeuza kwenye jua. "Inakaa ndani ya ekzosi, inanusa hewa inayotoka, inaambia injini, punguza petroli, ongeza petroli. Sasa imeziba. Injini haiambiwi ukweli, inamwaga tu, kama mtu anapika akiwa na mafua, anatia chumvi na kutia tena."

Aliyasema hayo polepole, na alipomaliza hakunitazama. Akaifunga sensa kwenye gazeti.

Nyumbani tulitia petroli kidogo kwenye chupa ya jemu, tukatumbukiza kichwa cha sensa, waya ukabaki nje. Chupa tuliiweka nje kwenye pembe ya ukuta wa ploti, tukaifunika kwa ndoo na kuweka jiwe juu ili mtu asiiguse. Alisema ilale hapo mpaka Jumapili. Najua kuna mafundi watakaosema sensa haioshwi, inatupwa. Baba ni wa kizazi kinachojaribu kwanza.

Jumapili nilichinja kuku. Nilikuwa mlangoni nikimenya kitunguu alipotokea kwenye kichochoro na suti yake ya kanisa, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwangalia baba yangu jinsi unavyomwangalia mtu unayemshuku. Kabla hajasimama, macho yake yalishuka kwenye ndoo ya taka iliyo kando ya mlango. Yalikaa hapo kufumba na kufumbua. Juu ya taka kulikuwa na manyoya ya kuku na maganda ya tangawizi. Kisha akanyoosha mgongo, akavuta hewa kwa mbwembwe.

"Kuku!" akatangaza. "Na tangawizi iko!"

Watoto wakapiga makofi. Mimi nikakumbuka ile siku ya omena. Siku hiyo nilikuwa nimetupa taka zangu mapema, na jirani ndiye aliyekuwa amenyonyoa kuku hapo hapo mlangoni petu. Nikasema, "Karibu, Baba," nikarudi kwenye kitunguu, nikashukuru kwamba ni kitunguu.

Akavua koti, akakunja mikono ya shati, akaketi kwenye kibao nje na ile chupa. Petroli ilikuwa imegeuka nyeusi. Alisugua kichwa cha sensa kwa mswaki mzee, taratibu, akaifuta, akaichovya kwenye petroli safi, akaifuta tena mpaka chuma kikaanza kuonekana. Masizi yalimwingia kwenye kucha. Aliporidhika, aliiweka juu ya bati ikauke juani, akafanya jambo ambalo mafundi wote hulifanya bila kufikiri: akakichukua kitambaa alichoifutia sensa, akakisukuma kwenye mfuko wa shati. Kisha akasimama kunisaidia kuepua sufuria, kama afanyavyo kila Jumapili, kwa sababu ni nzito.

Jiko la makaa hapo mlangoni lilikuwa jekundu. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka hapo na petroli ilinipiga usoni. Shati lake upande wa kifua lilikuwa limelowa doa la ukubwa wa sahani. Na yeye anainama juu ya makaa, ametabasamu, anauliza wapi vishikio.

Nilipiga kelele ambayo ploti nzima iliisikia. Nilimvuta kwa mkanda, nikakinyofoa kile kitambaa mfukoni na kukitupa mbali kwenye mtaro. Akayumba, karibu aanguke. Na kwa kuwa woga wangu hutoka ukiwa hasira, nilimfokea baba yangu mbele ya wanangu na majirani.

"Unataka kujichoma? Umelowa petroli kifuani! Kwani hunusi?"

Jirani aliyekuwa akianika nguo alibaki na shati mkononi. Baba alitazama kifua chake, akaligusa lile doa kwa vidole viwili, akavipeleka puani. Mazoea tu. Kisha akavishusha.

"Sinusi," akasema.

Niliwaambia watoto waingie ndani. Nikamletea fulana ya mume wangu, akabadilisha, tukakaa kwenye kibao mbali na jiko. Kuku alibaki motoni mpaka akaungua chini, na hakuna aliyejali.

"Tangu ile homa iliyotufungia wote ndani," akaniambia. "Wengine ilirudi baada ya wiki, baada ya mwezi. Nikasema hata yangu itarudi. Nikangoja. Kila asubuhi nanusa sabuni, nanusa oili. Hakuna kitu."

"Na chakula?"

"Chai ni maji ya moto. Kuku yako najua ni laini, najua iko na mfupa. Hiyo nyingine nilikuwa nasema tu."

Nilihesabu kichwani zile Jumapili, na kila sifa aliyonipa, tangawizi imezidi, leo umeweza, mama yako hangeifikia hii. Nilihisi kuibiwa. Ndiyo, kuibiwa, na baba yangu mwenyewe, na papo hapo nilimhurumia. Ningeweza kumrudishia maneno yake ya tepu na mdomo wa gari. Yalikuwa kwenye ncha ya ulimi. Niliyaacha.

"Kwa nini hukuniambia, Baba?"

"Ningekuambia, ungeacha kunipikia kwa roho." Akafuta masizi kwenye kucha zake. "Na ungesema mahali. Wewe una mdomo. Ikifika Kawangware, mimi nimekwisha."

Akaniomba nisimwambie mtu. Nikakubali shingo upande. Tukala kuku wa kuungua, yeye akatafuna polepole, na kwa mara ya kwanza hakumsifu.

Jumatatu asubuhi alirudisha sensa mahali pake, akatenganisha waya wa betri kwa muda, akaurudisha. Nikawasha. Taa haikuwaka. Nilishangilia kama mtoto, lakini yeye akasema twende Kawangware, gari lipate moto vizuri, kisha tuone. Nilijua anachotaka. Alitaka wenzake waone gari limepona kwa mikono yake.

Tulifika uwanja ukiwa umejaa. Wenye magari walikuwa wamekaa kwenye matairi wakisubiri, mafundi wako kazini, na yule jirani mwenye mashine akanisalimia kwa kidevu tu. Baba akaniambia niache injini inanguruma. Akazunguka nyuma, akachuchumaa, akaweka kiganja mbele ya ekzosi. Nilishuka nikasimama kando yake. Watu wakaanza kugeuka, kwa sababu hata waliomwona mara mia hawachoki kumtazama.

Akakipeleka kiganja puani, akafumba macho. Nikangoja aseme uongo wake, nami nilikuwa tayari kuuitikia.

Macho yakafumbuka. Bila kuinuka, akaunyoosha mkono mpaka kiganja kikawa mbele ya uso wangu.

"Mama," akasema, "nusa."

Nyundo ya mtu fulani iliendelea mara mbili tatu kisha ikakoma. Niliinama juu ya kiganja kile cha baba, chenye mistari ya oili isiyotoka hata kwa sabuni ya kipande. Petroli ilikuwapo. Hafifu, imepungua kuliko mwanzo, lakini ipo. Ningeweza kusema ni safi. Kazi yetu ya siku mbili ingesimama, angeinuka mbele ya wote akiwa ameshinda mashine, hata kwa wiki moja tu. Ulimi wangu ulikuwa umeshauanza huo uongo. Halafu nikakumbuka ameniuliza, hakukisia.

"Petroli, Baba," nikasema. "Imepungua. Lakini iko."

Akatikisa kichwa polepole, akajifuta kiganja kwenye ovaroli, akainuka kwa kushika bampa.

"Basi hiyo pua imekufa," akasema, na alisema kwa sauti, si kwangu peke yangu. "Kuosha kunatoa masizi. Iliyokufa haiamki. Hii tutatafuta ingine." Kisha akamgeukia jirani yake. "Na ya kwangu pia ilikufa, zamani. Nyinyi mlijua. Lete hiyo mashine yako, unisomee kama imeandika kitu. Kufungua nitafungua mimi."

Yule fundi alikuja na mashine huku ameinamisha macho. "Mzee," akasema, "kufungua hakuna mwenye anakufikia hapa." Mmoja wa wale waliokuwa wakisubiri aliondoka na gari lake bila kuaga. Wengine walibaki. Mimi nilienda nyuma ya kivuli cha mabati nikalia, kisha nikanawa uso kwa maji ya mtu ya kutilia rejeta.

Tulipata sensa nyingine kwa wauza vipuri vya magari yaliyovunjwa, na sasa mayai yangu yananuka mayai. Wateja wa baba wamepungua. Waliobaki wanamletea nati zilizogoma na mabomba yaliyoshindikana kwa wengine, na jirani anamsomea kilichoandikwa kwenye kioo cha mashine.

Jumapili iliyofuata nilipika omena. Nilimwona akija kichochoroni na suti yake. Alipofika mlangoni hakuitazama ndoo ya taka. Alisimama, kifua kikajaa hewa kwa mazoea, kikashuka. Watoto wakangoja. Mimi niliacha mwiko.

"Umepika nini leo?" akauliza.

"Omena. Nyanya nyingi, pilipili kidogo, dania nimetia mwishoni. Kitunguu kimeungua upande mmoja, nilikuwa napiga domo na jirani."

"Kimeungua sana?"

"Kidogo tu. Harufu yake iko chini, inasikika ukifunua sufuria. Juu ni dania."

Akaingia, akaketi mahali pake, akavuta sahani karibu.

"Endelea," akasema, na nikaendelea kumweleza mpaka akamaliza kula.